Mvulana wa nne: ushindani na urafiki kwenye timu ya mbio za shule

Kombe la mbio za nyika la shule hupotea mara nyingi kwa njia ileile. Shule ina wavulana wawili hodari ambao tarafa nzima inawajua kwa majina. Siku ya mbio wanashika namba moja na namba mbili kama ilivyotarajiwa, wanabebwa juu juu, na wenzao wanaimba. Kisha matokeo ya timu yanasomwa, na shule hiyo ni ya tatu. Wavulana wanamtazama mwalimu wakidhani karani amekosea kujumlisha.

Karani hajakosea. Kwenye mbio za nyika za dunia kila timu hukimbiza watu sita, na wanne wa mbele ndio wanaohesabiwa. Nafasi walizomaliza zinajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Chukua shule yetu hiyo: 1, 2, 23, 30. Jumla ni 56. Shule ya jirani haina hata mtu mmoja kwenye sita bora, lakini wavulana wake wamefika pamoja: 7, 9, 10, 12. Jumla ni 38. Imeshinda kwa pointi 18, na bingwa wa mbio anarudi nyumbani na medali yake peke yake.

Idadi hubadilika kutoka shindano moja hadi jingine, kwa hiyo uliza kwenye kikao cha makocha kabla ya siku ya mbio: wanakimbia wangapi, wanahesabiwa wangapi, na jumla zikilingana inaamuliwaje. Kanuni ya dunia ni kwamba zikilingana, anatazamwa mtu wa mwisho kati ya wanaohesabiwa, na timu ambayo mtu wake huyo yuko karibu zaidi na namba moja ndiyo inayoshinda. Hata hapo anayeamua ni mvulana wa nne, wala si bingwa. Usiwadharau wa tano na wa sita pia. Pale nafasi zinapohesabiwa jinsi watu walivyovuka mstari, mvulana wako wa tano akimtangulia wa nne wa wapinzani, amewaongezea pointi moja bila yeye mwenyewe kuhesabiwa.

Hesabu hii wavulana waione ubaoni, kwa chaki, kabla msimu haujaanza. Andika namba za mwaka uliopita, jumlisha mbele yao, halafu mpandishe mvulana wa nne nafasi kumi uone jumla inavyoshuka. Bingwa hawezi kukupa pointi kumi, maana juu ya namba moja hakuna pa kwenda. Wa nne anaweza. Ukishaonyesha hilo, ushindani wa wavulana unapata kazi mpya. Wa nne hutengenezwa na watu wawili: wa tano anayeitaka nafasi yake kila siku, na wa tatu anayekataa kumwacha nyuma. Mmoja ni mshindani wake, mwingine ni rafiki yake, na wiki mbili baadaye huenda wamebadilishana.

Anayetaka kuona jambo hili lilivyofanya kazi kwa miaka mingi mahali pamoja aitazame shule ya wavulana ya St. Patrick's ya Iten, Kenya, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Bruda Colm O'Connell alifika pale kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia, wala hakuwa kocha wa riadha. Alijifunza kazi hiyo kwa kuwatazama wavulana wenyewe. Wakatoka kina Ibrahim Hussein, Peter Rono, Matthew Birir na wengine wengi, na shuleni imepandwa miti kwa heshima ya wale waliofika kileleni. Seoul 1988, kwenye fainali ya Olimpiki ya mita 1,500, Rono alishinda kwa 3:35.96, na Kipkoech Cheruiyot, naye mtoto wa St. Patrick's, akamaliza wa saba. Shule moja ya bweni kwenye mji mdogo, watu wawili kwenye fainali moja ya Olimpiki. Kipkoech naye alikuwa na pacha wake, Charles, mkimbiaji pia, kwa hiyo alikuwa na mpinzani nyumbani na shuleni. Hewa ya juu ina mchango wake, lakini hewa hiyohiyo ilikuwapo katika shule nyingi za jirani. Mimi naamini kilicholeta tofauti ni kundi la wavulana wa rika moja, barabara moja ya vumbi, na mwalimu aliyejua siku ya kuwaachia washindane na siku ya kuwazuia.

Hilo la kujua siku ndilo gumu, na timu nyingi huharibikia hapo. Nianze na mazoezi ya vipande, kwa sababu ndiyo mahali wavulana hutaka kuonyeshana.

Tuseme una kundi la watano ambao mita 1,500 wanazimaliza kwa dakika 4 na sekunde 20 hivi. Kwa hesabu hiyo kila mita 400 wanaziendea kwa sekunde 69. Unawapa 400 mara kumi, kila moja sekunde 72, na katikati wanatembea na kujikongoja sekunde 90. Kila mvulana anaongoza mara mbili, kwa zamu iliyoandikwa kabla hawajaanza kupasha misuli moto. Kazi ya anayeongoza ni moja tu: sekunde 18 kwenye mita 100, 36 kwenye 200, 54 kwenye 300, 72 mstarini. Mwalimu anasimama kwenye alama ya mita 200 na kuusoma muda kwa sauti. Wengine wanakaa nyuma, na hakuna anayempita kiongozi kabla ya mstari.

Huharibika hivi. Zamu ya tatu inamwangukia mvulana aliyechukizwa kwamba mwenzake alisifiwa wiki iliyopita. Anapita mita 200 kwa 32. Wengine hawataki kuonekana dhaifu, wanamfuata, na 400 inaisha kwa 67. Ya nne inatoka 70, kila mtu anajiona shujaa. Ya sita ni 75. Kufikia ya nane kundi limekatika vipande viwili, miguu imekuwa mizito, na mvulana wa tano, yule uliyemhitaji zaidi, ameketi kwenye nyasi. Zoezi zima limepotea kwa sababu ya sekunde nne za mtu mmoja.

Dawa yake haihitaji kelele. Anayeongoza akivuka mpaka wa sekunde mbili, juu au chini, zamu yake inayofuata inafutwa na anakwenda mwisho wa mstari, kukimbia akitazama migongo minne. Mvulana mwenye kiburi huona hilo kuwa zito kuliko kufokewa. Na kuna kosa la upande wa pili ambalo walimu wengi hawalioni: yule anayekaa mgongoni kwa mita 350 halafu anawafyatukia wenzake ili afike mbele na kuinua kifua. Huyo ameiba kazi ya kiongozi. Wenzake wanamchukia kimyakimya, na chuki hiyo utaiona siku ya mbio, wakati hakuna atakayekubali kumkatia upepo. Kanuni ya kutompita kiongozi inamhusu yeye kuliko mtu yeyote.

Ila wavulana wakizuiliwa kila siku watapoa. Lazima pawe na siku ya kuachiliwa, na mahali pazuri zaidi ni mlimani. Tafuta mwinuko wa mita 200 ambao si mkali sana, mtu aweze kuukimbia bila kuinama. Wapime kila mmoja mara moja. Tuseme umepata sekunde 38, 40, 43 na 46. Sasa waanzishe kwa kupishana: wa 46 anaondoka kwanza, wa 43 anamfuata baada ya sekunde 3, wa 40 anaondoka ikiwa sekunde 6, na wa 38 ikiwa sekunde 8. Kwa hesabu wote wanafika juu kwa pamoja, kwenye sekunde ya 46. Mara nane zinatosha, na kushuka wanashuka wakitembea.

Ukisimama juu ya mlima huo utaona kitu ambacho mazoezi mengine hayakupi. Mvulana wa mwisho wa timu, ambaye hajawahi kuongoza chochote, anapanda akiwa mbele ya wote, na nyuma yake anasikia pumzi tatu zinazokaribia. Hatazami nyuma. Mikono inaanza kupiga juu zaidi, meno yamebana, anatupa kifua mita mbili kabla ya mstari. Bingwa naye, kwa mara ya kwanza wiki hiyo, anakimbia akiwa nyuma, na hana hakika. Wote wanne wanalala chini pamoja. Wakiinuka wanabishana juu ya nani alifika kwanza, na ubishi huo ni mzuri, uache uendelee. Akishinda mtu mara tatu mfululizo, mpunguzie sekunde moja ya kutangulia. Ndani ya majuma sita daftari lako la sekunde litakuonyesha nani anapanda, na yeye mwenyewe atakuwa ameshaona.

Alhamisi kuna fatleki, ambayo kwa wakimbiaji wa Iten ni kama mkutano wa hadhara: dakika moja kali, dakika moja ya kupumua, kwenye barabara ya udongo yenye milima midogo midogo. Kwa wavulana wa sekondari kumi na tano hadi ishirini zinatosha. Kwenye dakika kali kila mtu akimbie alivyo. Kwenye dakika ya kupumua, waliotangulia wanageuka na kurudi nyuma mpaka wakutane na wa mwisho, ndipo kali inayofuata ianze. Kwa njia hiyo hodari anaongeza kilomita zake, na dhaifu habaki peke yake akila vumbi. Mvulana anayekimbia peke yake wiki baada ya wiki haachi mbio kwa kuchoka, anaacha kwa upweke.

Siku za mwendo mwepesi ndizo zenye hila. Inatakiwa dakika arobaini au hamsini, wavulana wakiweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika. Wapinzani wawili wanakimbia bega kwa bega, na hakuna aliyesema neno la ushindani. Mmoja anatangulia nusu hatua. Mwenzake anajibu kwa nusu hatua. Wa kwanza anaongeza. Kilomita tatu baadaye hakuna tena anayezungumza, na wanakimbia mwendo wa mashindano siku ambayo miguu ilitakiwa ipone. Ukisikia kundi limenyamaza, ujue limeanza. Waweke mstari mmoja kwenye njia nyembamba ya shambani, aliye mwepesi wa kuchoka mbele, hodari mwisho, na atakayevunja mstari arudi nyuma. Nahodha akae katikati ya hao wawili. Nahodha mwenye akili atawauliza habari za mtihani au za mpira, na mwendo utajishusha wenyewe.

Kwa jumla, juma la wavulana wa umri huu libebe siku mbili ngumu, au tatu kwa waliokomaa, mbio ndefu ya saa moja hadi saa moja na robo Jumamosi, na Jumapili wapumzike kabisa. Zaidi ya hapo unakopa mwili ambao bado unajengwa.

Sasa uteuzi. Hapa urafiki wa wavulana huvunjika kuliko mahali pengine popote, na karibu kila mara kosa ni la mwalimu. Timu ni ya watu sita, wanaoweza ni tisa. Mwalimu anatangaza mbio moja ya mchujo Ijumaa, anachukua sita wa kwanza, anabandika majina ukutani na kwenda zake. Aliyekuwa na homa juma lile ameachwa. Aliyekuja na miguu isiyochoka kwa sababu alikwepa mazoezi ya Jumanne ameingia. Wavulana wote wanajua, hata kama mwalimu hajui.

Njia yenye haki ni kutangaza vigezo mapema, kwa maandishi: mashindano mawili ya mwanzo wa msimu na mchujo mmoja, yanachukuliwa matokeo mawili bora kati ya matatu. Wanne wa juu wanaingia moja kwa moja. Nafasi mbili za mwisho mwalimu anachagua, na sharti aeleze sababu yake. Bandika muda wa kila mtu, pamoja na wa walioachwa. Muda ukionekana ukutani, minong'ono ya upendeleo hupungua sana.

Kabla karatasi haijabandikwa, mwite mvulana wa saba pembeni umwambie mwenyewe. Usimwache akajisome ukutani mbele ya wenzake. Mara nyingi wa saba ni rafiki mkubwa wa wa sita, wanalala kitanda cha juu na cha chini, na usiku huo mmoja atafurahi kwa kificho na mwingine atalia kwa kificho. Mpe wa saba kazi yenye uzito. Asafiri na timu akiwa na sare na viatu, apashe misuli moto na wenzake, maana mtu huteguka kifundo cha mguu dakika ishirini kabla ya mbio. Wakati wa mbio asimame kwenye alama ya kilomita tatu na kuwahesabia wenzake nafasi zao kwa sauti kubwa. Na apewe tarehe ya shindano lake lijalo palepale, siku hiyohiyo anapoambiwa ameachwa.

Kuna jambo la maumivu ambalo linaambatana na uteuzi. Mvulana anayeogopa kunyang'anywa nafasi huficha maumivu. Kati ya miaka 13 na 16 hivi, wakati mifupa inarefuka kwa kasi, wengi hupata uvimbe mdogo wenye maumivu chini ya goti, pale kano inaposhikana na mfupa wa muundi. Wengine huumia miundi yenyewe kwa kuongezewa kilomita ghafla au kwa viatu vilivyokwisha soli. Yote haya yakishikwa mapema hutulia kwa kupunguza mbio na kuepuka miteremko na kurukaruka. Yakifichwa, miezi inapotea. Kwa hiyo weka kanuni moja na uiheshimu bila kupindisha: anayetaja maumivu siku ya kwanza, nafasi yake inalindwa majuma mawili. Anayeficha na kugunduliwa akichechemea, anajichuja upya kama wengine. Kanuni hiyo inamfanya rafiki aweze kusema "mwalimu, huyu anaumia" bila kuitwa msaliti, kwa kuwa amemlindia mwenzake nafasi.

Kurefuka kwenyewe nako huleta fitina. Mvulana aliyekuwa wa kwanza akiwa na miaka 14 anarefuka sana ndani ya mwaka, hatua zake zinakosa mpangilio, na rafiki yake aliyekuwa akimwona kisogo tu sasa anampita. Wazazi wanaanza kusema mambo ya kurogwa au ya uvivu. Mweleze mvulana na mzazi wake kwamba hali hiyo ni ya kawaida na hupita, na msimkazie mazoezi katika kipindi hicho.

Siku ya mbio, mpango wa timu usiwe na maneno mengi. Wa kwanza na wa pili wana mbio zao. Wa tatu, wa nne, wa tano na wa sita wanakimbia pamoja mpaka theluthi mbili za mbio, mabega yakionana. Kilomita ya kwanza ndiyo inayoua: uwanja mpana, watu mia, firimbi, na kila mvulana anakimbia mita 300 za mwanzo kana kwamba mbio zinaishia hapo. Wafundishe kuanza kwa nguvu kiasi cha kutofungiwa ndani tu, halafu kutulia kabla ya kona ya kwanza na kutafutana kwa rangi ya fulana. Maneno mawili yanatosha njiani. "Kaa" maana yake tusiongeze bado. "Twende" maana yake kuna watu watatu mbele tunaoweza kuwala. Anayesema "twende" ndiye anayetoka mbele, hawezi kuwatuma wenzake.

Zikibaki mita 300, makubaliano yameisha. Kila mvulana akimbie kwa ajili yake, hata dhidi ya rafiki yake. Hapa napingana na walimu wanaopanga nani amtangulie nani. Kumwambia mvulana amwachie mwenzake ni kumfundisha kukimbia chini ya uwezo wake, na kwa hesabu ya timu haina faida yoyote, kwani wawili hao wakibadilishana nafasi jumla haibadiliki. Wakipigana mpaka mstarini, wanawapita wageni njiani, na hapo ndipo pointi zilipo. Berlin mwaka 2003, Sammy Korir alikuwa na kazi ya kumwekea kasi Paul Tergat. Kazi ilipokwisha hakuondoka barabarani. Wakenya hao wawili walifukuzana mpaka mwisho, Tergat 2:04:55, Korir 2:04:56, na Tergat akavunja rekodi ya dunia ya marathoni akiwa na mwenzake mgongoni. Sioni namna rekodi ile ingetoka kama Korir angepewa amri ya kubaki nyuma. Vivyo hivyo marathoni ya Boston 1988: Ibrahim Hussein, yule wa St. Patrick's, 2:08:43, Juma Ikangaa wa Tanzania sekunde moja nyuma yake. Hakuna aliyempa mwenzake zawadi.

Msaada nao una mipaka yake kikanuni, na wavulana waijue. Kwenye uwanja, aliyepitwa raundi nzima, au anayekaribia kupitwa, haruhusiwi kumwekea mwenzake kasi. Wala mtu asiye kwenye mbio haruhusiwi kukimbia kando ya rafiki yake akimvuta. Nia njema ya namna hiyo inaweza kumfanya rafiki aondolewe kwenye matokeo.

Mbio za kupokezana vijiti, 4 × 400, ndizo ninazopenda kuwatumia wavulana wasiosemezana. Wapange wapokezane, mmoja awe mkimbiaji wa pili, mwingine wa tatu. Eneo la kubadilishana lina urefu wa mita 20. Anayekuja amechoka, anaona ukungu, hivyo kazi ya macho ni ya anayepokea: anageuka kidogo upande wa ndani, anapokea kwa mkono wa kushoto kutoka mkono wa kulia wa mwenzake, na anaondoka kwa kasi inayolingana na uchovu wa anayekuja. Kusoma uchovu wa mtu kunahitaji kumtazama vizuri, jinsi mabega yanavyopanda na hatua zinavyofupika. Wabadilishane mara ishirini kwa mwendo wa polepole, kisha mara sita wakitoka mita 150 kwa kasi kamili, ndipo wawe wamechoka kweli. Kijiti kikianguka, kanuni inamtaka aliyekiangusha akiokote yeye mwenyewe, na hapo ndipo lawama huzaliwa, kila mmoja akisema alikuwa amekwisha kuachia au hajashika. Ikitokea mazoezini, warudie papo hapo mara tano kabla hawajaanza kubishana. Mkono mara nyingi hujibu swali kabla ya mdomo.

Mambo ya bwenini ni mafupi kuyaeleza ingawa yana nguvu. Kila mtu afue soksi zake na kusugua viatu vyake, asiwepo mkubwa wa kidato cha nne anayemtuma wa kidato cha kwanza. Njumu, yaani viatu vya misumari, zikiwa chache, jozi moja wapewe wawili wanaovaa saizi ileile ambao mbio zao hazifuatani kwenye ratiba, kwa mfano wa 800 na wa 5,000, na ufunguo wa misumari akae nao mtu mmoja anayejulikana. Misumari ya milimita 6 inatosha kwenye ardhi ngumu, 9 kwenye nyasi, 12 kwenye matope. Sahani za chakula za timu zitunzwe pamoja jikoni, wanaorudi mwisho wasikute sufuria limekwanguliwa. Chai ya maziwa na kitu cha kutafuna kiwepo ndani ya nusu saa baada ya mazoezi.

Na umri uwe wa kweli. Mvulana aliyepunguza miaka yake akiingizwa kwenye timu anashinda mashindano mawili matatu, na anaua hamu ya vijana watano wanaojua hawawezi kumfikia kamwe kwa sababu ni mtu mzima. Cheti cha kuzaliwa kiangaliwe mwanzoni mwa msimu, wala si siku ya malalamiko.

Jumatatu baada ya mashindano, dakika arobaini za mwendo mwepesi, wawili wawili, mpangilio aufanye mwalimu: wa kwanza na wa sita, wa pili na wa saba, wa tatu na wa nane, wa nne na wa tano. Wakirudi, karatasi ya matokeo iwe imeshabandikwa, nafasi ya wa nne imezungushiwa wino mwekundu, na pembeni yake sekunde zilizokuwa kati yake na wa tano. Zikizidi thelathini, Jumanne hao wawili wafuatane kwenye zamu ya kuongoza.